Nikiandika jina la ofisi yangu inatokea, ila mtu akitafuta "fundi simu karibu nami" sipo kabisa. Nakosea wapi?

fundi_kioo:

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada maana nimeumiza kichwa mpaka nimechoka.

Mimi ni fundi simu, nina kafremu kadogo tu mtaani, mimi na dogo mmoja ananisaidia. Kazi zenyewe ni zile zile za kila siku, vioo, betri, sehemu ya chaji imelegea, simu imeingia maji. Wateja wangu ni wapita njia na wale wanaoelekezana wenyewe kwa wenyewe. Sasa wiki iliyopita kaja dada mmoja kioo kimepasuka vibaya sana, ananiambia "kaka nimetafuta fundi kwenye ramani ikanipeleka mbali huko, nikakuta pamefungwa, narudi zangu ndo naona kibao chako, kumbe upo nyuma ya nyumba ninayokaa". Wakuu iliniuma. Nyuma ya nyumba anayokaa!

Profaili ya biashara Google ninayo, niliifungua kitambo usiku mmoja nikiwa sina usingizi, nikaweka picha mbili na namba ya simu basi nikaiacha hapo. Nikiandika jina la ofisi inakuja vizuri kabisa. Ila nikiandika "fundi simu karibu nami" au "kubadilisha kioo cha simu" wanatokea watatu pale juu kwenye kale karamani, mmoja wao yuko mbali kweli, na mimi nimekaa hapa hapa ofisini natafuta na bado sijioni, mpaka nifungue orodha yote nishuke nishuke ndo najikuta huko chini. Maoni ninayo manne, yote nyota 5, kwa hiyo siyo kwamba watu wananisema vibaya.

Alafu kuna jamaa kanipigia anasema yeye atanipandisha mpaka namba moja, nilipe kila mwezi, na nimpe imeli na paswedi aingie mwenyewe. Nimpe? Mambo haya siyajui sana, simu nazijua kwa ndani kuliko kwa nje 😅

Nusu_Saa:

Usimpe paswedi. Nipo kazini, nitarudi na maelezo jioni. Ila paswedi USIMPE.

tambo77:

Mkuu hiyo ishu ndogo sana. Nenda kwenye jina la biashara, usiandike jina tu, andika na kazi zote, mfano "jina lako Fundi Simu Bora Kioo Betri Chaji Haraka Bei Nafuu". Google inasoma jina kwanza. Alafu tafuta washkaji kama 50 hivi kila mtu akuwekee nyota 5, hata wasiokujua, ndani ya wiki moja. Na picha zako ziwekee lokesheni kwa ndani kabla ya kupakia, zipo programu za bure. Mimi ndo nilivyofanya na nilikuwa juu.

fundi_kioo:

@tambo77 "nilikuwa juu", na sasa hivi uko wapi mkuu?

tambo77:

Sasa hivi imefungiwa lakini nafatilia.

Mzee_wa_Pini:

😂😂 Jamani.

Mleta mada soma hii taratibu, na tambo77 usikasirike, wengi tumepita huko.

Google wenyewe wameshaandika kwenye kurasa zao za msaada kwamba hayo matokeo ya mtaani wanayapanga kwa vitu vitatu: unahusiana kiasi gani na kile mtu alichoandika, uko umbali gani na yeye, na unajulikana kiasi gani. Na wameandika pia wazi kabisa kwamba hakuna namna ya kuomba wala kulipia upandishwe hapo. Tangazo ni kitu kingine, linalipiwa na linaandikwa juu yake kwamba ni tangazo. Kwa hiyo huyo jamaa wa namba moja anakuuzia mzigo ambao hana stoo.

Na hiyo "namba moja" yenyewe haipo, maana kila anayetafuta anapata orodha yake kulingana na alipo. Mtu akiwa mlangoni kwako anaweza kukuona wa kwanza, akitembea dakika 10 ukawa wa saba. Huko nyuma biashara moja ilikuwa inaweza kuonekana mji mzima, ila kuanzia yale mabadiliko ya Google ya Desemba 2021 umbali umepewa uzito zaidi, na kwa mtu mdogo kama wewe hiyo ni habari njema, maana mkubwa wa mbali hana ubavu ule wa zamani mbele ya jirani.

Sasa kilichonishtua kwenye maelezo yako ni kitu kimoja. Umesema unatafuta ukiwa umekaa ofisini na bado hutokei. Umbali wako hapo ni sifuri! Ungekuwa unalalamika kwamba watu wa mtaa wa tatu hawakuoni ningekwambia vumilia, kusanya maoni, tia picha. Lakini kama mtu aliyekaa kwenye kiti chako hakuoni, basi ama Google haijui kwamba uko hapo, ama haijui kwamba unafanya hiyo kazi. Nakuomba uangalie vitu viwili leo leo kabla hujagusa kingine chochote.

Cha kwanza ni pini, ile alama inayoonyesha ulipo kwenye ramani. Fungua ramani, bonyeza biashara yako, kuza mpaka uone mapaa ya nyumba. Je pini imekaa juu ya fremu yako? Usiangalie anwani iliyoandikwa, angalia pini. Sehemu nyingi duniani nyumba hazina namba za maana, ramani inakisia tu na inaweza kukutupa kwenye barabara nyingine kabisa.

Cha pili ni kategoria kuu, yaani ile aina ya biashara uliyochagua kwenye profaili. Hii ndo watu wanaidharau na ndo yenye nguvu kuliko yote unayoweza kubadilisha mwenyewe kwa kidole. Unaruhusiwa moja kuu na nyingine mpaka 9 za nyongeza. Ile kuu inatakiwa iwe kazi inayokuletea hela kuliko zote, siyo neno linalosikika kubwa. Ukijiandika "duka la elektroniki" wakati wewe unatengeneza simu, unashindanishwa na wauza TV na redio, na anayetafuta fundi wala hupelekwi kwake. Na hizo nyongeza usijaze tisa zote kwa sababu nafasi ipo, weka zile unazozifanya kweli.

Jina andika lile lile lililoko kwenye kibao chako. Kweli kabisa maneno kwenye jina yanasaidia kupanda, siwezi kudanganya, ndo maana watu wanafanya, ila ni kinyume cha masharti yao na mtu yeyote, akiwemo jirani unayegombania naye wateja, anaweza kukuripoti. tambo77 ni shahidi. Kama kibao chako kimeandikwa "Fulani Fundi Simu" na risiti zako hivyo hivyo, basi hilo ndo jina, liandike lilivyo. Lokesheni ndani ya picha usipoteze usiku wako, ukishapakia zile taarifa zinaondolewa.

Nenda kaangalie alafu urudi utuambie.

hayanihusu:

Mnahangaika bure, chema chajiuza kibaya chajitembeza. Mimi nina miaka mingi kwenye biashara sijawahi kuweka chochote huko na watu wanakuja. Fanya kazi nzuri tu.

bi_mkasi:

@hayanihusu yule dada simu yake ilipasuka akaenda mbali huku fundi yuko nyuma ya nyumba yake. Huo wema wa kazi angeujulia wapi na hajawahi kufika? Hata chema kinataka mtu ajue kiliko.

Kaka fundi_kioo na mimi nijibu kwenye maoni maana hapo ndo nimepata faida. Mimi ni fundi cherehani. Zamani nilikuwa namwambia mteja "ukifika nyumbani uniandikie maoni", akifika nyumbani anasahau, na haki yake. Siku hizi naomba pale pale nguo inapomkaa, amesimama mbele ya kioo anajigeuza geuza anacheka, hapo ndo nampa simu yake namwonyesha kale ka QR kodi ninakotembea nako. Profaili yako ina sehemu ya kuomba maoni, inakupa linki na hiyo kodi, unachapisha karatasi moja tu. Kwako wewe wakati wake ni pale unapowasha simu mbele yake ikawaka.

Na usiseme "nipe nyota 5". Mwambie "andika nimekutengenezea nini". Maana akiandika "amenibadilishia kioo nikisubiri", mtu mwingine akitafuta kioo utakuta Google inaonyesha hayo maneno chini ya jina lako, inayakoleza kabisa. Nyota tupu isiyo na neno haina ladha hiyo. Zawadi au punguzo ili mtu aandike usitoe, hairuhusiwi, na kuchagua wale waliofurahi tu ndo uwape linki nayo hairuhusiwi. Mimi naomba kila mtu. Kuna waliotoa nyota 3, wako hapo, sijafa.

Na mimi nina swali langu wakuu, samahani kama nateka uzi. Kazi nafanyia nyumbani, wateja nawafuata mimi, sitaki kila mtu ajue mlango wangu uko wapi. Nimeficha anwani, nimekosea?

Mzee_wa_Pini:

@bi_mkasi hujakosea dada, kama hupokei watu mlangoni ndo inavyotakiwa, unaficha anwani unaweka maeneo unayohudumia, mwisho 20. Ila usidhani ukiandika maeneo 20 utaonekana kote sawa sawa, kwa ninavyoona mimi nguvu yako bado inazunguka pale ulipowathibitishia Google kwamba upo. Maeneo yale yanamsaidia msomaji kujua kama utamfikia.

Na hiyo ya kuomba maoni nguo ikiwa mwilini naiiba.

Nusu_Saa:

Nimetoka kazini, samahani.

Kuhusu jamaa wa paswedi. Profaili ina mmiliki mkuu, ina wamiliki wengine, na ina mameneja. Ukimpata mtu unayemwamini akusaidie, unamwongeza kwa imeli yake mwenyewe kama meneja, anafanya kazi, siku hutaki tena unamtoa kwa kubonyeza mara mbili. Hahitaji paswedi yako kwa lolote. Anayeitaka paswedi au anayetaka awe mmiliki mkuu badala yako, kuna siku utamlilia.

Mimi nilililia. Nilikuwa na ofisi ya kuchapisha na kutoa kopi, nikampa kijana mmoja aniandalie kila kitu, akaifungua kwa imeli yake yeye. Tukaja kukosana kwa mambo mengine kabisa, akabadilisha namba ya simu ikawa ya kwake. Wateja wanapiga wanapokelewa na mtu mwingine anawaelekeza kwingine. Nilichofanya ni kubonyeza pale penye kuuliza kama unamiliki biashara hii nikaomba umiliki, mwenye nayo anapewa siku 3 za kujibu, hakujibu, ndo nikaruhusiwa kuanza kujithibitisha mwenyewe. Iliisha vizuri lakini mwezi ule sitaki kuukumbuka.

Na ukipigiwa na sauti iliyorekodiwa inasema "profaili yako ya Google itafutwa usipolipia", kata. Profaili ni bure.

fundi_kioo:

Wakuu nimerudi. Naandika huku nacheka na huku naona aibu.

Nimefungua ramani kama mzee alivyosema nikakuza mpaka mapaa. Pini ipo nyumbani kwangu. NYUMBANI ninakolala! Siku ile naifungua nilikuwa kitandani, ikaniuliza upo hapa nikabonyeza ndiyo maana kweli nilikuwepo hapo 🤦 Kumbe muda wote huu Google inajua fundi simu yuko chumbani kwangu. Na kuna mteja mmoja zamani aliwahi kunipigia anasema "nimefika naona nyumba tu imefungwa", nikamwambia umepotea wewe. Kumbe aliyepotea mimi.

Kategoria nayo ni "duka la vifaa vya elektroniki". Niliandika "simu" ikaniletea majina kadhaa nikachukua la kwanza.

Muda wa kazi imeandikwa nafunga saa 11 jioni na Jumamosi nimefungwa siku nzima. Mimi Jumamosi ndo siku yangu kubwa! Sijui hata niliweka saa ngapi hayo.

Na linki ya websaiti, nilikuwa na ile websaiti ya bure waliyokuwa wanatengeneza wao humo humo kwenye profaili, nimeibonyeza haifunguki.

Nianze na kipi? Na nikihamisha pini sitafungiwa?

Mzee_wa_Pini:

Hahaha mkuu usione aibu, hilo la kitandani nimeshaliona kwa watu watatu.

Anza na anwani na pini pamoja. Kwa sababu unahama mbali inaweza ikakutaka ujithibitishe upya, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Jiandae kabla hujabonyeza. Video iwe moja, isikatwe wala kuunganishwa, angalau sekunde 30. Anzia nje barabarani ionekane uko wapi, vibao vya majirani viingie, kisha kibao chako, kisha ufungue mlango kwa ufunguo wako mwenyewe, uingie mpaka kwenye meza ya kazi waone vifaa. Wanataka kuona vitu vitatu tu, kwamba mahali papo, kazi ipo, na wewe ndo mwenyewe. Usionyeshe sura za wateja wala vitambulisho vyako.

Anwani kama haina namba ya nyumba, bonyeza pale pini ilipo kwenye ramani itakupa Plus Code, kale kamsimbo ka herufi na tarakimu, hako mtu akikaandika kwenye ramani kanamleta mpaka mlangoni. Mtumie mteja kwenye meseji, ni bora kuliko "ukifika kwenye mti mkubwa uliza".

Muda wa kazi ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwaka 2023 watu wanaofatilia haya mambo waliona biashara inashuka ikifika saa yake ya kufunga, na Google wakakubali kwamba kuwa wazi muda ule mtu anapotafuta kunahesabiwa. Kwa hiyo wewe Jumamosi nzima ulikuwa unajizima mwenyewe. Ila usije ukaandika saa 24 ukidhani umepata ujanja, mtu atakuja saa 8 usiku akute kufuli alafu akupe nyota 1, na atakuwa na haki. Sikukuu zina sehemu yake ya kuweka muda maalumu, zijaze mapema.

Zile websaiti za bure zilizimwa Machi 2024, siyo wewe peke yako. Ondoa hiyo linki, linki mbovu ni mbaya kuliko kukosa linki. Kama una ukurasa wowote wa mtandao wa kijamii unaouangalia kila siku, weka huo. Websaiti yako mwenyewe ina faida, hata ya ukurasa mmoja yenye jina, namba, muda na kazi zako, ila isikuzuie leo. Ule uwanja wa kuchati na wateja uliokuwa kwenye profaili nao ulifungwa Julai 2024, sasa ukiona sehemu ya kuweka WhatsApp iweke, lakini uijibu.

bi_mkasi:

Na sehemu ya huduma kaka, usiiruke. Pale unaandika kazi moja moja kwa maneno ya wateja wako. Wewe fundi unasema "kubadilisha sehemu ya chaji", mteja anaandika "simu haiingizi chaji". Yaandike yote mawili. Mimi nilikaa wiki nzima nasikiliza watu wanavyoniita kazi zangu nikawa naandika nyuma ya daftari, kuna maneno sikuwahi kuyafikiria. Kwenye profaili kuna ukurasa unaoonyesha watu waliandika nini mpaka wakakuona, uwe unausoma.

Na picha piga za kweli. Ya kibao kutokea upande anaotokea mtu, maana anayekuja anatafuta kile atakachokiona yeye, na kioo kimepasuka kabla na baada.

tambo77:

Wakuu na mimi naomba kuuliza bila kuchekwa. Hii yangu iliyofungiwa inarudi?

Nusu_Saa:

@tambo77 inaweza kurudi. Kwanza rudisha jina la kwenye kibao, toa kila ulichoongeza, ndo ukate rufaa, na uwe na leseni au bili yenye jina na anwani hiyo hiyo karibu, maana wanaweza kuomba ushahidi. Usifungue profaili mpya pembeni ukidhani unakwepa, utakuwa na mbili zenye matatizo. Maoni ya wale washkaji 50 yasahau.

fundi_kioo:

Wakuu mrejesho. Video nimerudia mara tatu. Ya kwanza dogo alirekodi akawa anaongea na simu nyingine. Ya pili mteja akapiga katikati ikakatika. Ya tatu nikaweka simu isiyo na laini, nikaanza kule barabarani, kibao cha jirani wa vifaa vya shule, kibao changu, nikafungua kufuli, meza, bisibisi, mashine ya kulehemu, vioo vilivyotolewa kwenye boksi. Baada ya siku chache imekubaliwa.

Pini sasa ipo juu ya fremu. Kategoria nimeweka ya kutengeneza simu, nyongeza nimeweka mbili tu. Jumamosi ipo wazi. Karatasi ya QR nimeibandika pembeni ya taa ya mezani, kila simu ikiwaka namgeuzia mteja, wengine wanakataa, sawa tu, wengine wanaandika.

Sijui namba ngapi niko. Nimejaribu hapa ofisini naonekana kwenye wale watatu. Shemeji kajaribu kwake, ni mbali kidogo, akaniona wa tano. Ila jana kaja kijana na simu mkononi ramani imewashwa mpaka mlangoni anasema "nimefuata mshale". Nilitaka kumkumbatia.

Kuna kitu kingine nimekigundua lakini. Kuna profaili nyingine ya ofisi yangu ambayo mimi sijaifungua! Jina limekosewa herufi moja, namba ni ile laini yangu ya zamani iliyopotea, na ina maoni mawili ya watu ninaowajua kabisa.

Mzee_wa_Pini:

Hiyo huenda aliifungua mteja kwa nia njema, mtu yeyote anaweza kuongeza mahali kwenye ramani. Usiiache, maana zinagawana nguvu na namba mbili tofauti zinawachanganya wote, watu na mashine. Ifungue, bonyeza kupendekeza mabadiliko, uchague kwamba inajirudia. Ikienda vizuri zinaunganishwa na yale maoni mawili yanahamia kwako.

Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu yeyote anaweza pia kupendekeza kwamba umefunga kabisa, au muda umebadilika. Kila Jumatatu ukifungua ofisi tazama profaili yako dakika moja tu kama mtu mwingine anavyoiona.

Ile namba ya zamani itafute na kwingine, tangazo la zamani, ukurasa ulioutelekeza, popote ibadilishe. Ukipata muda jiandikishe pia kwenye ramani ya Apple, wenye iPhone wengi wanatumia ramani ile, na Bing Places ya Microsoft, na kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya wazi, mtu anaongeza mwenyewe bure. Siyo za haraka hizi, fanya siku hakuna wateja.

fundi_kioo:

Nashukuru sana wakuu, na dada bi_mkasi Mungu akubariki. La mwisho kabisa. Leo asubuhi nimepata nyota 1. Kaandika "simu yangu kakaa nayo siku mbili na bado inazima". Huyu namjua, simu ilikuja imeingia maji ya sabuni, nilimwambia kabisa kwamba ubao wa ndani ya simu umeshika kutu na sitoi uhakika. Nimeandika hivi, sijatuma: "Wewe ni mwongo, nilikwambia mapema simu yako ilikuwa imeshakufa, usinichafulie jina."

bi_mkasi:

Usitume!! 😂

Kaka, huyo hamwandikii yeye, anayesoma ni yule anayetafuta fundi kesho. Andika hivi: "Pole kwa usumbufu. Simu iliingia maji ya sabuni na ubao ulikuwa umeshaanza kutu, ndo maana nilikueleza mapema kwamba inaweza kuzima tena. Ilete tuitazame upya, kuitazama sitakutoza." Umeeleza ukweli wote, na neno mwongo halimo.

fundi_kioo:

Nimetuma hiyo yako. Amesema analeta kesho.